Ana miaka minne, hasemi, anakula posho tupu: nimwondolee maziwa na ngano?

Washauri wa safu hii, habari za kazi.

Nawaandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Mwanangu wa kwanza ni mvulana wa miaka minne. Alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa akisema "mama", "maji" na "toka", na akimpungia mkono baba yake anapoondoka. Kufika miaka miwili maneno yote yalikuwa yamepotea. Sasa ukimwita jina hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na ukigusa kimoja analia nusu saa. Akitaka kitu haonyeshi kwa kidole. Ananishika kiganja na kunivuta hadi kwenye kitu chenyewe.

Chakula ndicho kinachonimaliza nguvu. Anakula posho nyeupe tupu (ugali wa mahindi), ndizi mbivu, chapati, biskuti za aina moja na chai ya maziwa. Mchuzi ukigusa posho, sahani yote inaruka. Choo anapata baada ya siku nne au tano. Anajing'ata mkono hadi umeota sugu, hasa jioni. Usiku wa manane anaamka na kucheka peke yake. Na ameshachomoka zaidi ya mara moja hadi barabara kuu ya malori.

Kila mtu ana lake. Mume wangu anasema ni chanjo ya surua, na ameapa kwamba mdogo wake wa miezi minane hatachomwa. Mama mkwe anasema ni mambo ya ukoo, twende kijijini akatengenezwe. Rafiki yangu amenitumia ujumbe wa sauti WhatsApp kwamba usonji (autism) unaletwa na maziwa, ngano na sukari, niviondoe vyote mara moja. Kuna bwana sokoni anauza matone ya kusafisha ubongo, chupa shilingi 150,000, anasema mtoto akiharisha ujue sumu inatoka. Mimi mwenyewe nilimeza sana Panadol nikiwa na mimba yake, na moyo unanisuta. Chekechea wamemrudisha nyumbani.

Nianzie wapi? Nimwondolee maziwa na chapati? Na bakora za baba yake zinasaidia au zinaharibu?

Mama wa watoto wawili, Busia

*

Dada yetu, tuanze na chupa ya sokoni, kwa sababu katika yote uliyoandika ndiyo inayoweza kumuua mtoto wiki hii. Anayekuambia kuharisha ni sumu kutoka anatumia maneno yale yale ya wauzaji wa dioksidi ya klorini, kemikali ya kupaushia karatasi na vitambaa, ndugu wa jiki. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba kemikali hiyo ilikuwa ikigawiwa hapa Uganda kama dawa ya malaria, UKIMWI na saratani. Inachubua koo na utumbo, na mtoto huharisha hadi akaishiwa maji mwilini. Zile nyuzi zinazotoka chooni, ambazo wauzaji huonyesha wakisema ni minyoo, ni utando wa utumbo wenyewe. Kama ameshapewa, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya na chupa mkononi. Dawa ya kusafisha ubongo haipo, ya matone wala ya sindano. Marekani mtoto wa miaka mitano alikufa mwaka 2005 akitiliwa dawa ya kuondoa madini mwilini, kwa ahadi hiyo hiyo.

La pili lisilosubiri ni barabara. Weka komeo juu ya mlango, mahali asipofika hata akipanda kiti, lakini liwe la kufunguka haraka kwa mtu mzima. Moto ukitokea hamtakuwa na muda wa kutafuta ufunguo. Shona kitambaa chenye namba yako ya simu ndani ya kola ya kila shati, nyuma (bangili ataivua). Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na kwa waendesha boda wa stendi iliyo karibu wamjue sura, na uwaambie mambo mawili: akiitwa hajibu, na akifukuzwa kutoka nyuma anaongeza mbio. Wamzunguke, wamzuie kwa mbele, bila makelele. Watoto wenye usonji wanaotoroka huvutwa sana na maji, kwa hiyo mapipa yafunikwe, na siku akipotea mtafute kwanza penye maji na barabarani, ndipo uulize majirani.

Sasa chanjo, maana mdogo wake anakaribia miezi tisa, umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela. Ya pili hutolewa miezi 18. Hofu ya mumeo ina chimbuko linalojulikana. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha makala kuhusu watoto 12. Jarida lililoitoa, Lancet, liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo mwandishi akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Denmark walifuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya wazazi ni kalenda. Karibu robo ya watoto wenye usonji hupoteza maneno kati ya miezi 15 na 24, na huo ndio umri wa chanjo, wa kuachishwa ziwa, mara nyingi na wa mama kushika mimba nyingine. Kila familia huchagua kimoja kati ya hivyo cha kukilaumu. Zaidi ya hapo, rubela ikimpata mjamzito ni miongoni mwa visababishi vichache vya usonji vinavyojulikana kwa uhakika. Yaani sindano anayoikataa mumeo inazuia kile anachokiogopa. Mdogo achomwe.

Ila huyo mdogo aangaliwe kwa sababu nyingine. Mtoto ambaye ndugu yake wa damu ana usonji, uwezekano wa kuupata naye ni karibu mmoja kati ya watano. Akifika mwaka mmoja hageuki akiitwa jina, au miezi 16 hana hata neno moja, au miezi 18 haonyeshi kitu kwa kidole, au miaka miwili haunganishi maneno mawili, usisubiri "atasema tu, hata baba yake alichelewa".

Tukirudi kwa mkubwa: unayoeleza yanafanana sana na usonji, lakini barua haipimi mtoto. Kipimo cha kwanza ni masikio. Kusikia karatasi ya biskuti hakutoshi, kwani mchakacho ule una sauti nyembamba. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kuusikia na asishike maneno ya mtu. Cha pili ni kifafa. Kucheka usiku wa manane ni kawaida kwa watoto hawa, wengi hulala vibaya. Lakini mtoto aliyepoteza maneno, halafu usiku macho yakaganda, mdomo ukavuta upande mmoja au akajikojolea, anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo. Mrekodi kwa simu, hata nusu dakika. Daktari atajifunza zaidi kwenye hiyo video kuliko kwenye maelezo ya saa nzima.

Kwa vipimo hivyo omba barua ya rufaa kituo cha afya kilicho karibu, uende hospitali ya rufaa ya Mbale, kitengo cha watoto na cha afya ya akili. Wakikushauri kwenda Kampala, ni hospitali ya Mulago kwa mambo ya mishipa ya fahamu na hospitali ya Butabika kwa kliniki ya watoto. Uliza kama wanatumia maswali 23 yaliyotayarishwa Kampala kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Ile orodha inayosambaa mitandaoni ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30 na mwanao ameshaupita umri huo.

Chanzo? Kwa watoto wengi hakionekani kimoja. Kinachobeba uzito mkubwa ni vinasaba: tafiti za mapacha zilizojumlishwa mwaka 2016 zilikadiria mchango wa urithi kati ya asilimia 64 na 91. Mama mkwe ameukaribia ukweli kwa njia ya uchochoroni. Usonji kweli hutembea kwenye ukoo, ila hautembei kwa miguu ya mizimu, na wala hauwi wa upande wa mama peke yake. Mengine yanayoongeza uwezekano ni kuzaliwa njiti, wazazi wenye umri mkubwa, na dawa ya kifafa iitwayo valproeti ikitumiwa wakati wa mimba. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla. Amwone daktari abadilishiwe kabla ya kushika mimba. Mtoto aliyechoka sana (aliyekosa hewa) wakati wa kuzaliwa, au aliyeugua malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, anaweza kubaki na dalili zinazofanana na hizi, kwa hiyo historia hiyo mweleze daktari.

Panadol: mwaka 2024 Sweden walichunguza watoto karibu milioni 2.5. Kwa juu juu ilionekana tofauti ndogo. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mimba moja ikiwa na dawa hiyo na nyingine bila, tofauti ikatoweka. Homa kali isiyotibiwa ndiyo mbaya kwa mimba. Moyo usikusute. Kuna wakati madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio unaoleta usonji, na walikosea vibaya.

Haya, tuje kwenye chakula. Nadharia uliyotumiwa inasema protini za ngano na maziwa hazimeng'enywi sawasawa, vipande vyake vinapanda hadi kwenye ubongo na kuulewesha. Imejaribiwa. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, watoto 14 waliondolewa ngano na maziwa, kisha kila wiki wakapewa kwa siri kitafunwa chenye ngano, chenye maziwa, chenye vyote, au kisicho na chochote. Si wazazi wala wapimaji waliojua ni kipi. Tabia, usingizi na choo havikubadilika. Ni watoto wachache, lakini majaribio mengine ya siri ya aina hiyo hayakuonyesha tofauti pia. Wanaosifia mlo huo sana ni wale walioujaribu wakijua wanachokifanya. Na tazama sahani za Uganda: matoke, posho, muhogo, viazi vitamu, wimbi, mtama. Humo hamna ngano hata chembe. Kama ngano ndiyo ingekuwa mzizi, vijiji vinavyoishi kwa matoke na wimbi visingekuwa na mtoto wa aina hii hata mmoja.

Kwa mwanao mlo huo ni hatari zaidi ya kutofaa. Ana vyakula vitano. Ukiondoa ngano na maziwa, chapati na biskuti zimekwenda, chai imekwenda, imebaki posho na ndizi. Maziwa ya chai ndiyo karibu chanzo chake pekee cha protini nzuri na kalsiamu. Usiyaguse, labda daktari athibitishe ana mzio au ugonjwa wa utumbo. Sukari nayo haileti usonji wala haimfanyi awe na fujo. Inamharibia meno, na jino bovu kwa mtoto asiyesema ni sababu nzuri sana ya kujing'ata.

Chakula kina nafasi yake, ila si pale ulipoambiwa. Choo cha kila siku tano ni tatizo la kutibiwa, na tunashuku linachangia huko kujing'ata kwa jioni pamoja na usingizi mbovu. Angalia kama kinatoka kigumu vipande vipande kama cha mbuzi, au kama chupi inachafuka maji maji: hayo maji hupita pembeni ya choo kilichokwama, na watu huyaita kuharisha, wakatoa dawa ya kufunga, wakaharibu kabisa. Mhudumu wa afya atampa dawa ya kulainisha, kwa mfano laktulosi, kwa kipimo cha uzito wake. Kosa la kawaida ni kuiacha choo kikitoka mara moja; utumbo uliotanuka huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi hali yake. Mpe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa kikombe kile kile anachokipenda. Mkalishe kwenye poti dakika tano baada ya kula, miguu ikikanyaga kitu imara. Usianze na choo cha shimo: giza, harufu na nzi vinatosha kumfanya azuie wiki nzima.

Apimwe wingi wa damu. Kwa umri wake chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na posho nyeupe na chai ndiyo njia fupi ya kufika huko. Chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye chakula yasiingie mwilini, kwa hiyo inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, isiwe pamoja nao. Upungufu wa chuma peke yake huvuruga usingizi, na humfanya mtoto ale udongo. Dawa ya minyoo, albendazoli miligramu 400, na vitamini A hutolewa bure mwezi wa nne na wa kumi. Mhudumu wa afya wa kijiji chenu (VHT) atakuelekeza. Dawa ya chuma usinunue kiholela, ikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo.

Kuongeza vyakula kuna sheria moja ambayo wazazi wengi huivunja kwa nia njema: usifiche kitu ndani ya chakula anachokiamini. Utashauriwa usage mukene (dagaa wakavu), uchanganye kwenye unga wa posho. Pua ya mtoto huyu itaujua mukene kabla kijiko hakijafika mdomoni, na kuanzia siku hiyo posho yenyewe itakuwa na mashaka. Utakuwa umepoteza chakula cha tano badala ya kupata cha sita.

Fanya wazi. Chukua kinachofanana sana na anachokula na ubadilishe jambo moja tu. Anakula chapati: mpikie chapati ile ile lakini nyembamba zaidi, wiki nyingine ikate pembetatu, baadaye pakaa yai ukubwa wa ukucha kwenye ncha ya kipande kimoja, vingine viache vitupu. Anapenda ndizi mbivu: mpe ya aina nyingine, halafu paipai iliyokatwa kwa umbo lile lile. Kitu kipya kikae kwenye kisahani chake, mbali na posho, kiasi cha punje ya haragwe. Hatua ya kwanza ni kukubali kiwe mezani. Kisha akiguse, akinuse, akilambe, akitie mdomoni na kukitema, na kutema ni maendeleo. Mtoto wa kawaida huweza kuhitaji kuonyeshwa kitu kipya mara 10 hadi 15, huyu zidisha. Asisukumwe kijiko mdomoni hata mara moja. Dakika 20 zikiisha, ondoa sahani bila maneno. Ukimwona ameanza kugusa vizuri, mchuzi wa karanga wa kuchovya, kwenye kibakuli cha peke yake, huwa mlango rahisi, mradi umemwangalia mara ya kwanza kama hana mzio.

Lakini kama una nguvu za jambo moja tu, dada, ziweke kwenye mawasiliano. Mtoto wa miaka minne asiye na njia ya kusema "nataka", "sitaki" na "inauma" atasema kwa meno na kwa mbio, na wala haitakuwa ukaidi.

Chukua pakiti tupu ya biskuti zake, kata kipande chenye jina na picha, kama sentimita tano kwa tano, kibandike kwenye boksi gumu na ukifunike kwa selotepu. Vunja biskuti moja vipande vinane. Mnahitaji watu wawili. Wewe kaa mbele yake na kipande cha biskuti mkononi, picha ikiwa mezani kati yenu. Baba yake akae nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono kwa biskuti, baba auelekeze mkono huo, kimya kabisa, uchukue picha na kuiweka kwenye kiganja chako. Papo hapo, kabla hujapumua, sema "biskuti!" na umpe kipande. Rudieni mpaka vipande vinane viishe, mara mbili tatu kwa siku. Baba apunguze msaada: kutoka kushika kiganja, aguse kifundo, kisha kiwiko, kisha asiguse. Akishaweza, sogea hatua moja nyuma, ili picha ailete. Halafu ibandike mlangoni ili aiendee. Picha ya pili (maji, au vifuniko vyake) ingia nayo baada ya hapo tu.

Panapoharibika ni hapa. Ukiuliza "unataka nini?" kila mara, atasubiri swali siku zote. Ukimpa biskuti nzima, zoezi limeisha kwa mara moja. Na ukimwambia "sema kwanza biskuti", atarudi kukuvuta kiganja, kwa sababu umemwomba kile ambacho hana. Picha hazizuii maneno. Kwa watoto wengine maneno huanza kufuata humo humo. Na lugha msipunguze kwa hofu. Kuzungumza Kiswahili, Kisamia na Kiganda nyumba moja hakuleti usonji wala hakuuzidishi. Ongea naye kwa ile inayokutoka bila kufikiri, kwa sentensi fupi.

Kuhusu kujing'ata, chukua daftari na kwa wiki mbili andika kila mara: saa, kilichotokea kabla, alichofanya, mlichofanya nyinyi baadaye. Tuseme mistari inaonyesha anaanza saa kumi na mbili jioni, mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa. Hapo tatizo ni kelele. Mhamishe chumba cha nyuma kabla haijawashwa, au umnunulie vizibo vikubwa vya masikio wanavyovaa mafundi wa kuchomelea, umzoeze dakika mbili mbili mchana. Ikiwa mistari inaonyesha anajing'ata akiitwa kula na mwisho wake huachwa akacheze, basi amejifunza kwamba kujing'ata kunaondoa sahani. Mpe picha ya "basi", imwondoe mezani kwa amani. Na ikiwa hakuna mpangilio wowote, fikiria maumivu: masikio, meno, tumbo. Jua pia kwamba ukiacha mazoea ya kumpa kitu kila anapopiga kelele, kelele zitapanda siku za mwanzo kabla ya kushuka. Wazazi wengi hulegeza siku ya tatu, na hapo wanakuwa wamemfundisha apige kelele zaidi.

Bakora zinaharibu. Mtoto huyu haunganishi kiboko na kosa. Anaunganisha kiboko na baba. Atamkwepa, na mtu anayekaa nyuma yake kwenye zoezi la picha hawezi kuwa mtu anayekwepwa. Mumeo anatakiwa sana kwenye kazi hii, mweleze hivyo hivyo. Kijijini mnaweza kwenda kwa maombi ya wazee, hayana madhara; kufungwa kamba, kuchanjwa wembe, kufukizwa moshi na kunyimwa chakula, hapana.

Chekechea: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 hairuhusu shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Nenda na barua ya hospitali kwa ofisi ya elimu ya wilaya, uulize mwalimu wa mahitaji maalumu. Wengi wamesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwanzoni omba saa moja au mbili za asubuhi tu, na picha zake ziende naye.

Dawa za hospitali haziondoi usonji. Risperidoni hutolewa kwa mtoto anayejiumiza sana au kuumiza wengine, kwa kawaida akishatimiza miaka mitano, baada ya maumivu na kelele kushughulikiwa. Humfanya anenepe haraka na kusinzia, kwa hiyo apimwe uzito kila kliniki. Ukiandikiwa siku ya kwanza bila mtu kuuliza choo wala masikio, omba sababu.

Ukienda Mbale, beba kadi ya kliniki ya mtoto, daftari, ile video ya usiku, video ya kujing'ata na nyingine ya akicheza na vifuniko. Beba na pakiti ya biskuti na vile vizibo vya masikio kama umeshavipata, kwa sababu foleni ni ndefu na veranda ina kelele. Mdogo aende pia, naye aitwe jina mbele ya daktari, ionekane kama anageuka.